Webinaire Itakayotufunga Midomo Siku ya Joviale

Nyalukemba, Bukavu
Jumanne, baada ya misa ya asubuhi

Kwa Mheshimiwa Profesa Zagabe,
Katibu Mkuu wa Masomo, chuoni

Kuhusu: kufichwa kwa sura na sauti za familia katika soutenance ya Joviale

Mheshimiwa Katibu Mkuu, na pia mwanafunzi wangu,

Barua hii ni ya pili. Ya kwanza niliiandika jana nikiwa nimesimama, nikaisoma, nikaona haifai kufika mbele ya mtu mwenye cheo, nikaichana. Leo nimetoka misani, nimekunywa chai, nimekaa. Kwa hiyo unayoisoma ni ile ya adabu.

Inawezekana vyeo vimekusahaulisha sura za watu, basi nijitambulishe. Mimi ni Maman Godelive, directrice mstaafu, niliyekufundisha darasa la tatu la msingi. Ulikuwa mtoto mwenye akili sana, ila kila nilipokuita ubaoni ulilia kwa sababu ya macho ya wenzako. Ndipo nikawa naamuru darasa zima lifumbe macho mpaka umalize hesabu yako. Sikumbushi hayo ili kukuaibisha, Mungu anisamehe. Nakumbusha tu kwamba tunajuana.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Joviale, mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye nimemlea tangu hajajua kufunga kamba za viatu, atafanya soutenance mwezi ujao, yaani atatetea thèse yake ya udaktari. Yeye yuko Ubelgiji, ambako mlimtuma kumalizia utafiti wake juu ya milima yetu hii inayoporomoka na nyumba za watu. Ni mwaka wa tatu sasa hatujamtia machoni isipokuwa kwa simu. Maprofesa wa jury nao wametawanyika, mmoja huku, mmoja kule. Kwa hiyo soutenance itapita kwa mtandao, na hilo tumelikubali bila kunung'unika.

Tusilolikubali ni tangazo lako la wiki iliyopita. Linasema chuo kimepima njia mbili, mkutano wa video na webinaire, na kwamba kuanzia sasa soutenance na sherehe zenu zote zitafanyika kwa webinaire. Nilimpigia simu Maman Carine wa ofisi yenu ya informatique anifafanulie tofauti. Alinieleza kwa uvumilivu mkubwa, na ninaomba apandishwe cheo. Kumbe katika mkutano wa video kila mtu ana kidirisha chake: anaonekana, anasikika, na yeye anawaona wengine. Katika webinaire wanaoonekana ni jury na mtahiniwa peke yao. Sisi wengine tunaingia gizani, midomo imefungwa, tunatazama tu. Ukiwa na neno unaliandika katika kisanduku kidogo, halafu kuna mtu anaamua kama neno lako linastahili kusomwa.

Yesu na Maria! Zagabe mwanangu, hilo ndilo mlilokaa mkapima?

Haya hapa malalamiko ya familia. Nimeyapanga kwa namba, kama nilivyokufundisha.

1. Tutageuzwa namba. Maman Carine anasema kwamba juu ya kioo cha simu kutakuwa na idadi ya watazamaji, basi. Kaka yangu Placide wa Kamanyola atakuwa ndani ya namba hiyo. Maman Mireille wa soko la Kadutu, ambaye Joviale alikula sambaza zake, samaki wale wadogo wa ziwani, tangu utotoni, atakuwa ndani ya namba hiyo. Na mimi pia, niliyemfundisha mtoto huyo kusoma jikoni huku nachambua majani ya sombe, nitakuwa humo humo, nimechanganywa na watu wanaotazama kwa sababu hawana kazi. Katika salle, ukumbi wa kawaida, hata mtu aliyechelewa anatafutiwa kiti, na shingo zinageuka kumwangalia amevaa nini. Hiyo ni heshima. Namba haitafutiwi kiti.

2. Salamu zimefutwa. Hapa kwetu, Mheshimiwa, mtu haingii mahali penye watu akakaa kimya kama mwizi. Anasalimu, anajibiwa, anauliza habari za nyumbani, anajibiwa, ndipo anakaa. Najua utaniambia kwamba ni salamu ndizo zilizoharibu jaribio la mwezi uliopita, lile mlilolifanya kwa mkutano wa video. Ninaomba nilieleze jaribio hilo jinsi lilivyokuwa kweli, maana nimesikia kwamba katika ripoti yenu limeitwa «kushindwa».

Saa ilipofika, Joviale alitokea kwenye kidirisha chake, amesuka vizuri, amekonda kidogo. Rais wa jury akamkaribisha. Joviale akaanza: «Bwana Rais wa jury, waheshimiwa wajumbe…» Hapo akaingia Placide kutoka Kamanyola. Placide akasalimu asinge kwa wote, kama mtu aliyelelewa. Tulikuwa watu zaidi ya themanini, kila mmoja kwenye simu yake, na kila mmoja akamjibu. Akauliza batoto beko? Tukamwambia beko, wazima. Akauliza na Maman Mireille ule mguu uko aje? Mireille akaeleza juu ya mguu. Hajamaliza, wakaingia wa Kadutu, wakasalimu, na Placide akawajibu, kwa sababu sasa yeye alikuwa mwenyeji. Kisha wakaingia wale wa kwaya. Kila rais wa jury alipofungua kinywa, mtu aliingia na salamu, na kumkatiza mtu anayesalimu ni utovu wa adabu hata kwa profesa. Hivyo ndivyo tulivyoendelea mpaka simu nyingi zikaishiwa betri.

Ni kweli kwamba Placide aliiweka simu sikioni muda wote, kama anavyofanya siku zote, na kwa sababu hiyo tuliona sikio lake tu. Ni kweli pia kwamba Maman Mireille alikuwa sokoni na hakuacha kuuza, na profesa mmoja wa jury, yule wa Brussels, akauliza samaki wale wadogo wanaitwaje na wanapikwaje. Akaelezwa na watu sita kwa pamoja. Aliandika! Niambie, ni lini tena umemwona mjumbe wa jury akiandika kwa moyo namna ile? Na Joviale mwenyewe alifurahi mno. Nilimwona kwa macho yangu kwenye kidirisha chake: alijifunika uso kwa mikono, akacheka mpaka akawa anajifuta machozi. Mtoto hakuwa amecheka vile tangu aondoke. Mnaita hiyo kushindwa?

3. Vigelegele. Nilimuuliza Maman Carine, mtoto akitangazwa daktari sisi tutapigaje vigelegele? Akanijibu kwamba kuna kitufe chenye picha ya mikono miwili inayopiga makofi. Mikono ya manjano! Mheshimiwa, mimi ndiye ninayeanzisha vigelegele katika parokia yetu, kwenye harusi, kwenye upadri, hata siku ile ya gari jipya la Monsinyori. Wakinisikia, wengine ndipo wanapokea. Unataka nikae Nyalukemba na kidole kimoja, nibonyeze kimkono cha manjano, na niseme nimemshangilia mtoto?

4. Kitenge. Familia imechagua kitenge kimoja, cha bluu chenye maua meupe, na Maman Tatiana amekwisha kushona karibu vyote. Placide tu ndiye anasumbua, anataka koti. Kitenge cha familia huvaliwa kionekane. Ukiniambia tukivae gizani, mbele ya simu isiyotuona, utakuwa umeniambia nikapike na nisimwite mtu kula.

5. Kukohoa. Hili nalisema polepole, maana najua unalijua. Katika soutenance zetu, mjumbe wa jury anapouliza swali la kumwonea mtoto, familia haisemi kitu. Ina adabu. Inakohoa. Anaanza mzee mmoja mbele, anapokea mama mmoja katikati, inapita nyuma mpaka mlangoni, na yule profesa anakunja karatasi yake na kusema kwamba kwa kweli ilikuwa ni remarque tu, wala si swali. Siku ya soutenance yako, Zagabe, alipokuuliza yule mzee mwenye miwani juu ya sura ya nne, nani walikohoa? Mimi nilikuwa mstari wa pili. Koo liliniuma siku mbili. Leo wewe ndiye unayekata kikohozi cha wengine.

6. Kwa hiyo familia, baada ya kukaa na kujadili, inaleta mapendekezo. Kama chuo kimeipenda sana hiyo webinaire na hakiwezi kuiacha, basi iwe, ila watu wabadilishwe nafasi. Familia iwekwe juu, kwenye vidirisha, inaonekana na inasikika. Jury ndiyo iingie gizani. Maprofesa wakiwa na maswali wayaandike katika kile kisanduku kidogo, na Maman Mireille, ambaye ana busara na anajua kusoma, ataamua yapi yanastahili kumfikia mtoto. Yakiwa marefu atayapunguza.

7. Na kwa nini tuishie kwenye soutenance? Nimesikia kwamba katika baraza lenu la maprofesa watu wanarushiana maneno, na kwamba mara ya mwisho mmoja alitoka akabamiza mlango. Fanyeni baraza kwa mkutano wa video na muwaalike mama zenu. Wasiseme kitu, wakae tu kwenye vidirisha vyao, wamevaa vizuri, wanawatazama. Sijui profesa gani atabamiza mlango mama yake akiwa anamwona. Mama yako mwenyewe nilikutana naye Jumapili. Yuko mzima, anauliza kwa nini hupiti nyumbani, na amesema kwa baraza yuko tayari wakati wowote.

8. Vilevile mitihani ya mdomo, ufunguzi wa mwaka, mikutano ya kisayansi na watu wa nje, yote iwe na familia. Mtu asome utafiti wake juu ya mihogo mbele ya wanaolima mihogo, tuone kama atathubutu kusema maneno yale marefu. Wakulima wa Kamanyola wako tayari. Placide amekwisha kuwaorodhesha, na wanaanza na salamu.

Sasa naona namba zimenikimbia, na lililobaki sikulipanga. Nilikuwa nimeliacha nje ya barua, kwa sababu si la kuchekesha, na tangu mwanzo nimejitahidi barua hii isomeke kwa raha. Lakini nikiliacha nitakuwa nimekuandikia bure.

Unajua desturi yetu. Mtoto anasimama mbele, ametupa mgongo, anawatazama wajumbe wa jury. Anajibu, anajibu, jasho linamtoka. Jury inatoka, inarudi, inatangaza. Na akisha kutangazwa, kabla hajampa mtu yeyote mkono, anageuka. Anaitafuta familia yake ndani ya salle. Wewe uligeuka, nakumbuka. Ulimtafuta mama yako kwa macho mpaka ukampata pale karibu na dirisha, na uso wako ukawa ule wa darasa la tatu.

Mimi nimeingoja siku hiyo ya Joviale kwa muda mrefu, Zagabe. Kaka yangu alipofariki, mtoto alikuwa na kidaftari chake kimoja cha kuchora na viatu visivyo sawa. Nilimwambia, wewe soma, mimi nitakuwa nyuma yako. Ndivyo nilivyomwambia kila mwaka, kila mtihani, nikasimama nje ya kila darasa alilofanyia mtihani. Sasa katika webinaire yenu, mtoto akitangazwa daktari, kule Ubelgiji, peke yake katika chumba cha watu, atageuka wapi? Nyuma yake ni ukuta. Mbele yake ni nyuso tano za jury. Mimi nitakuwa nyuma yake kama nilivyomwahidi, ila nitakuwa nimefungiwa kwenye namba, na hatajua kama nipo au kama mtandao umenitupa nje. Hilo linaniuma, na sioni haya kukuambia linaniuma.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Katibu Mkuu, familia nzima inaomba, kwa heshima zote: tangazo lifutwe, webinaire iondolewe, na soutenance ya Joviale ifanyike kwa mkutano wa video, vidirisha vyote wazi, mikrofoni zote wazi, bila kumbagua mtu. Ama wote tuonekane, ama asionekane yeyote. Katika hili hatutarudi nyuma hata hatua moja, na mimi nikiwa wa kwanza.

Nisalimie Maman wa nyumbani kwako, na watoto, na yule mdogo aliyekuwa na surua. Nisalimie Maman Carine, umwambie nitampigia tena kesho juu ya lile jambo la password. Nisalimie mlinzi wa mlangoni, ambaye ananipa kiti kila nikija kukulalamikia. Nisalimie na wajumbe wa jury wote, hasa yule wa Brussels; umwulize kama zile sambaza alizipika, na kama alikumbuka kuzikausha kwanza.

Anayekutakia mema hata pale anapokugombeza,

Godelive M'Mushagalusa
Directrice mstaafu, kwa niaba ya familia

N.B. Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha. Nimeifungua tena, usishangae gundi.

Joviale amenipigia sasa hivi. Nilimsomea barua yote kwa simu, nikidhani atanipongeza. Alicheka kwenye sikio la Placide, akacheka kwenye mama zenu. Halafu akaniambia, shangazi, usiipeleke. Ni mimi niliyemwomba Profesa Zagabe iwe webinaire.

Kumbe siku ya jaribio hakuwa anacheka. Anasema alianza sentensi yake vizuri, akatupa jicho chini ya kioo, akaona kidirisha changu, mimi na miwani yangu na kilemba changu cha Jumapili, nyuma yangu ile picha ya baba yake ukutani. Basi sauti ikakatika. Miaka mitatu, anasema, nimewaona kwa simu mmoja mmoja, sikuwahi kuwaona wote mara moja. Alijifunika uso akalia, na akamshukuru Mungu kwa salamu za Placide, kwa sababu zilimpa muda wa kujifuta. Anasema, shangazi, nikikuona sitaweza kusema, na nisiposema siwi daktari. Niache niseme kwanza nikijua uko nyuma yangu, kama siku zote. Mwisho nitageuka.

Nikamuuliza atageukia wapi. Ndipo akanieleza kitu ambacho Maman Carine hakuniambia, au aliniambia nikawa nagomba. Katika webinaire, anayeongoza anaweza kumchukua mtu mmoja kutoka gizani akampandisha juu, akamfungulia sauti na sura, wote wakamwona. Mtu mmoja. Chuo kimemruhusu Joviale ataje jina moja, baada ya kutangazwa, kabla ya yeyote kumpa pongezi. Na wewe Zagabe umelijua jina hilo tangu siku ya tangazo, ukanyamaza, ukaniacha niandike namba mpaka nane.

Kwa sababu hiyo ninaomba barua hii isomwe kuanzia mwisho, na yaliyo juu uyaone kama hayakuandikwa. Webinaire ibaki. Ni chombo kizuri, kina utaratibu. Wengine wote wafungwe kabisa, hasa Placide, nitamweleza mwenyewe. Maman Mireille nitampelekea ujumbe wa kumpoza. Kitenge tutakivaa hapa uani kwangu, na vigelegele tutavipiga huku huku. Chuo hakiko mbali, ukifungua dirisha la ofisi utasikia.

Nimebakiza ombi moja, na hili ni langu, si la familia. Nimejaribu mbele ya kioo cha chumbani maneno nitakayomwambia. Ni machache. Nalitaja jina lake, halafu siendelei. Nimejaribu tangu alipokata simu na sijavuka jina. Najua vitakavyokuwa. Watanitazama wajumbe wa jury, na familia, na watu wale wasio na kazi, na wewe mwenyewe, ambaye hujawahi kuniona nikilia.

Basi siku hiyo, Zagabe mwanangu, ukinipandisha ubaoni, nifungulie sauti kwanza. Sura uifungue baadaye kidogo, nikisha kutulia.